Törbel: Kijiji Kilichopima Malisho kwa Ghala la Majani Makavu

Ng'ombe mmoja wa maziwa anakula kilo 12 hivi za majani makavu kwa siku. Mahali ambapo theluji inaifunika nchi, naye akakaa zizini tangu Oktoba hadi katikati ya Mei, siku zenyewe zinafika 210. Hizo ni tani mbili na nusu kwa ng'ombe mmoja. Majani yote hayo yakatwe kwa mundu wa mpini mrefu wakati wa kiangazi, yaanikwe, yageuzwe, kisha yabebwe mgongoni hadi ghalani kabla mvua haijayawahi. Familia ambayo makonde yake yanatoa tani 8 italisha ng'ombe watatu. Wa nne utamhesabu mbavu ifikapo Machi.

Watu wa Törbel, kijiji kilichong'ang'ania mteremko wa milima ya Alps kusini mwa Uswisi, waliitoa hesabu hii zizini wakaipandisha mlimani. Mwaka 1517 waliandika kwamba hakuna mwenyeji atakayepeleka kwenye malisho ya pamoja ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Kanuni yenyewe haizidi mstari mmoja, lakini ilisimamia malisho ya mlima mzima kwa zaidi ya miaka 400 bila polisi wala ofisa wa serikali kuu.

Törbel iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, juu ya bonde la mto Vispa katika jimbo la Wallis. Leo ina watu wapatao 500. Ni Wakatoliki na wanasema Kijerumani cha milimani ambacho Mjerumani wa Berlin hakielewi kwa urahisi. Ingebaki bila kujulikana kama si Robert Netting, mwanaanthropolojia Mmarekani ambaye kabla ya hapo alikuwa ameishi na wakulima Wakofyar wa Nigeria. Alianza utafiti wake Törbel mwaka 1970, akapekua vitabu vya parokia na hati za kijiji, akahesabu ng'ombe, makonde na ndoa, na mwaka 1981 akatoa kitabu kizima juu ya kijiji hicho. Mwaka 1990 Elinor Ostrom, mtaalamu wa siasa Mmarekani, aliichukua Törbel kuwa mfano mmojawapo katika hoja yake kwamba watu wanaweza kusimamia mali ya pamoja wao wenyewe. Mwaka 2009 Ostrom akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Tangu hapo Törbel inatajwa kila penye mjadala wa ardhi ya jumuiya, nami naona inatajwa nusu. Watu wanachukua ile sehemu tamu: wanakijiji walikutana, wakakubaliana, mlima ukasalimika. Sehemu chungu wanaiacha: mlango uliofungwa kwa mgeni, vijana waliozeeka bila kuoa, wanawake waliobeba kazi bila kura. Sehemu hizo mbili ni za mtambo mmoja, na ukiondoa moja huelewi jinsi nyingine ilivyofanya kazi.

Tuanze na ardhi, maana huko ardhi imepangwa kwa kimo kama rafu za dukani. Chini kabisa, karibu na mto, kuna jua la kutosha mizabibu. Juu kidogo na kuzunguka nyumba kuna bustani na vishamba vya rai, nafaka ya mkate mweusi. Kisha makonde ya majani ya kukata, kisha msitu, na juu ya msitu, kuanzia mita 2,000 hivi, ndiko kuna malisho ya kiangazi. Familia moja ilihitaji kipande katika karibu kila rafu, kwa hiyo watu walikuwa wanahamahama ndani ya kijiji chao wenyewe: Machi kwenye mizabibu, Juni makondeni, Julai juu mlimani, Oktoba tena bondeni kwa zabibu. Urithi uligawanywa sawasawa kati ya wana wa kiume na wa kike, na vipande vikazidi kukatwakatwa. Hata majengo yaligawanywa. Ghorofa ya chini ya nyumba yaweza kuwa ya ndugu mmoja, ya juu ya mwingine, na ghala la majani likamilikiwa robo robo na watu wanne, kila mmoja na pembe yake.

Ukitazama ramani ya umiliki utaona jambo moja limekaa sawa karne hadi karne. Mizabibu, bustani, vishamba na makonde ya majani ni mali ya mtu binafsi. Malisho ya juu, msitu, nyika zisizolimika, mifereji ya maji na njia ni mali ya wote. Ni watu wale wale wenye mifumo miwili ya umiliki, na hawakuona mgongano wowote. Netting aliitafuta sababu akaipata kwenye tabia ya ardhi yenyewe. Ardhi hubaki ya pamoja pale ambapo mavuno kwa kila ekari ni kidogo, hayatabiriki mwaka hadi mwaka, hayaongezeki sana hata ukitia jasho, ardhi yenyewe inafaa tu ikiwa eneo kubwa halijakatwa, na kazi ya kuitengeneza inataka mikono mingi. Malisho ya mlimani yana sifa zote hizo. Mwaka huu theluji inachelewa kuyeyuka upande wa kaskazini, mwaka ujao maporomoko yanafukia upande wa mashariki. Ukigawa vipande, mmoja atakosa kabisa na mwingine atabaki na ziada isiyoliwa, na wote watahitaji kujenga ua na kuvuta maji hadi kwenye kila kipande. Konde la majani karibu na nyumba ni kinyume chake. Ukilitia samadi na kulimwagilia, jasho lako linarudi kwako mwaka huo huo.

Hapo ndipo kanuni ya 1517 inapoonyesha akili yake. Kiasi cha kutumia mali ya wote kimefungwa kwenye ukubwa wa kazi ya mtu kwenye mali yake mwenyewe. Huna haja ya mtaalamu wa kupima nyasi mlimani na kutangaza idadi ya ng'ombe kila mwaka. Anayetaka ng'ombe wa nne juu ataanza kwa kumtafutia tani mbili na nusu huku chini, na tani hizo hazifichiki. Ghala liko kando ya njia, jirani anapita, anaona majani yamefika wapi. Katika kijiji ambacho kila mtu anakata majani kwa wiki zile zile, hakuna asiyejua konde la mwenzake linatoa mizigo mingapi. Kwenye mali ya pamoja udanganyifu huanzia pale ambapo kuhesabu ni kazi ngumu au ya gharama, na hapa kuhesabu kulikuwa sehemu ya kupita njiani.

Njia za kuikwepa zipo, na zinajulikana Alps nzima. Ya kwanza ni kununua majani kutoka nje ya kijiji, ukaongeza ng'ombe bila kuongeza konde. Ya pili ni kumpokea ng'ombe wa mtu wa bondeni mwezi Mei, ukampandisha kama wako, Septemba ukamrudisha na kulipwa. Zote mbili zinaleta kinywa cha nje kwenye malisho ya ndani, na ndiyo sababu kanuni hii haiwezi kusimama peke yake. Inataka mpaka wa ardhi na mpaka wa watu.

Törbel iliweka yote mawili mapema. Tarehe 1 Februari 1483 wakazi walitia saini hati ya kuunda chama cha kusimamia malisho ya juu, msitu na nyika. Hati hiyo inasema mgeni akinunua au kukaa kwenye ardhi ya Törbel hapati kwa sababu hiyo haki yoyote kwenye malisho ya pamoja, wala ruhusa ya kukata mti. Kununua konde ni jambo moja, kuwa mwenyeji ni jingine, na wenyeji ndio wanaoamua nani aingie. Hati ya mwaka 1507 ikaorodhesha mipaka ya ardhi ya pamoja. Kwa hiyo ilipofika 1517, mipaka ya ardhi na ya wenye haki ilikuwa tayari imechorwa, ikabaki kuandika kiasi cha kila mmoja. Mpangilio huo ni wa kuzingatiwa. Miradi mingi ya ardhi ya jumuiya siku hizi inaanza na kiasi, halafu inashangaa wageni wanapoingia na kanuni zikawa karatasi.

Halafu kuna msimamizi. Huko alikuwa anaitwa Gewalthaber, mwenye mamlaka. Alichaguliwa na wenyeji wenyewe, na alikuwa na haki ya kumtoza faini aliyezidisha ng'ombe, akabaki na nusu ya faini hiyo mfukoni mwake. Wapo watakaoona hapo mlango wa rushwa. Mimi naona walijua vizuri ugumu wa kazi ile. Kumtoza faini shemeji yako, ambaye kesho utakaa naye kanisani, ni mzigo ambao hakuna anayeubeba bure. Nusu ya faini ililipa ule uso mkavu. Na kwa kuwa kila mwaka kulikuwa na mkutano na uchaguzi, msimamizi aliyetoza kwa chuki alijua mwakani yeye ndiye atakayetozwa.

Mkutano huo wa mwaka haukuwa wa maneno matupu. Uliwachagua viongozi, na viongozi wakaajiri watu wa kukaa juu na mifugo, wakapanga samadi itapakwa wapi, wakaweka siku za msaragambo wa kutengeneza njia, kujenga upya mazizi na vibanda vilivyobomolewa na maporomoko ya theluji. Kila mwenye ng'ombe alitoa siku za kazi, au fedha badala yake, kulingana na idadi ya ng'ombe wake. Mwenye watano alifanya kazi ya watano. Ni jambo dogo kulisoma, lakini ukienda kwenye vijiji vingi ambako kila kaya inatoa siku moja bila kujali ina ng'ombe mmoja au kumi, utaona chuki ya chini kwa chini inavyoua msaragambo.

Ni vizuri kukaa kidogo kwenye kibanda cha juu, kwa sababu huko ushirika wa Alps unaonekana kwa macho, ndani ya sufuria moja kubwa ya shaba. Maziwa ya ng'ombe wa kila mtu yanamiminwa pamoja. Ya jioni yanalazwa kwenye vyombo vipana, asubuhi malai inaenguliwa kwa ajili ya siagi, kisha yanachanganywa na ya asubuhi. Moto wa kuni unayafikisha nyuzi 32 hivi, inatiwa reneti ya kuyagandisha, yanaachwa kama nusu saa mpaka yagande. Hapo mtengenezaji anayakata kwa kinubi cha nyaya, taratibu, mpaka yawe punje kama za mahindi, kisha anapandisha moto kuelekea nyuzi 40 huku anakoroga bila kupumzika. Punje zikishikana vizuri mkononi anazivua kwa kitambaa na kuzikandamiza, maji ya maziwa yanabaki kwa nguruwe. Lita 100 zinatoa kilo 10 hivi za jibini. Moto ukipanda haraka mno, punje zinakauka nje kabla ya kutoa maji yaliyo ndani, na jibini litachachuka likiwa rafuni. Ndoo isiyosuguliwa inaleta vijidudu vya gesi, na wiki chache baadaye duara zima limevimba kama mpira. Ng'ombe mmoja mwenye ugonjwa wa kiwele anaharibu maziwa ya kijiji kizima siku hiyo.

Kwa hiyo kanuni za usafi wa kibanda zilikuwa kanuni za mali ya pamoja sawasawa na idadi ya ng'ombe. Na mgao? Katika sehemu nyingi za Alps, kwa siku zilizowekwa, maziwa ya kila ng'ombe yanapimwa peke yake, na jibini la msimu linagawanywa vuli kwa uwiano wa vipimo hivyo. Mbinu ya kudanganya iko wazi: usimkamue vizuri jioni iliyotangulia, asubuhi ya kipimo atoe mara moja na nusu. Ndiyo maana vipimo havifanywi mara moja tu.

Maji nayo yana kitabu chake. Mabonde haya ya Vispa yamo katika sehemu kavu kuliko zote Uswisi, kwa kuwa milima mirefu inazuia mvua pande zote. Sehemu za chini hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka. Konde lisilomwagiliwa linakatwa mara moja kwa mwaka, na miaka mingine linaungua. Lililomwagiliwa linakatwa mara mbili. Ukirudi kwenye ile hesabu ya tani mbili na nusu utaelewa kwamba maji ndiyo yaliyoamua idadi ya ng'ombe juu mlimani, ingawa hakuna kanuni iliyosema hivyo waziwazi.

Maji yanatoka kwenye theluji na barafu za juu, na bahati ya maumbile ni kwamba yanajaa zaidi Juni na Julai, wakati ule ule konde linapolia kiu. Yanateremshwa kwa mifereji ambayo Wajerumani wa Wallis wanaiita Suonen. Mchagga akiiona ataitambua: ni mfongo, wenye ukingo wa udongo na magugu upande wa bondeni, mteremko mdogo kiasi kwamba maji yanatembea badala ya kukimbia. Yakikimbia yanakula ukingo, yakisimama yanaacha mchanga na mfereji unaziba. Panapokuja jabali wima, mfereji unageuka kuwa mihori ya mbao iliyochongwa kwenye magogo na kutundikwa ukutani kwa mihimili iliyopigiliwa mwambani. Kila masika, kabla maji hayajafunguliwa, wenye zamu walitembea mfereji wote, wakaondoa mawe, wakabadili mbao zilizooza, wakaziba mashimo. Watu walikufa kwenye kazi hiyo.

Kwenye mifereji mingi kulikuwa na nyundo ya maji, kigurudumu kidogo cha mbao kinachozungushwa na mkondo na kuinua nyundo inayogonga ubao. Mchana na usiku sauti inasikika bondeni: ko, ko, ko. Ikinyamaza, mlinzi wa mfereji anajua maji yamekatika mahali fulani juu, na kama ukingo umepasuka maji yanachimba mteremko wakati huo huo na yanaweza kushusha udongo kwenye nyumba za watu. Anaamka saa nane za usiku akiwa na taa na koleo. Sijui chombo kingine cha bei ndogo namna hiyo kilicholinda mali kubwa namna ile.

Zamu za maji zilihesabiwa kwa saa, na mzunguko ulirudi baada ya wiki mbili au tatu. Mwenye zamu alikwenda na bamba, akalisimamisha kwenye mfereji mdogo wa konde lake, maji yakafurika na kushuka kama shuka juu ya majani, kisha akalihamisha hatua kadhaa mbele. Katika vijiji kadhaa vya Wallis ya juu saa hizo ziliandikwa kwenye vijiti vya mbao vilivyochongwa alama za kila ukoo. Asiyejua kusoma alizisoma vizuri tu, na kufuta alama ya mbao bila kuonekana si rahisi kama kufuta wino. Desemba 2023 UNESCO iliuingiza umwagiliaji wa jadi wa Uswisi na nchi nyingine sita za Ulaya kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika.

Msitu nitaupitia haraka. Miti ya kujengea na kuni iliwekewa alama na viongozi wa kijiji, kisha makundi ya kaya yakapiga kura ya bahati, na kila kundi likaingia msituni kukata ile iliyowaangukia tu. Kwa njia hiyo hakuna aliyechagua mti ulio karibu na njia. Msitu ulio juu ya nyumba ulikuwa ngao dhidi ya maporomoko ya theluji, jambo ambalo Alps nzima ililijua zamani. Andermatt, mashariki ya Wallis, ilipiga marufuku kukata msitu wake wa kinga tangu 1397. Sheria ya misitu ya serikali ya shirikisho ilikuja mwaka 1876, karibu miaka 480 baadaye.

Tanuri la mkate ndilo lenye somo nilipendalo. Familia zilioka mara chache tu kwa mwaka, mikate ya rai ya kuliwa kwa miezi, migumu kiasi cha kukatwa kwa kisu kilichofungwa kwenye ubao kwa bawaba. Tanuri lilikuwa la wote. Anayeanza analikuta baridi na anachoma kuni nyingi kulipasha, wanaofuata wanatumia chache. Basi zamu ziliamuliwa kwa kura ya bahati. Kijiji kilichofikiria gharama ya tanuri baridi si kijiji kilichoishi kwa mazoea tu bila kufikiri.

Mwaka 1968 Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani, aliandika makala mashuhuri akidai kwamba malisho ya pamoja lazima yaangamie, kwa kuwa kila mchungaji atazidisha ng'ombe wake. Mchungaji wake alikuwa wa kufikirika, hakuwa na kijiji, mkutano wala jirani wa kupita karibu na ghala. Miaka mingi baadaye Hardin mwenyewe alikiri kwamba kosa lake kubwa lilikuwa kusahau neno moja: alipaswa kusema malisho yasiyosimamiwa. Kufikia hapo hoja yake ilikuwa imekwisha kutumika duniani kote kuhalalisha kukata ardhi za wafugaji vipande vipande, na Afrika Mashariki imo.

Lakini kosa la upande wa pili ni kuichukua kanuni ya Törbel kama ilivyo na kuipandikiza penginepo. Kanuni ile inategemea baridi. Baridi ndiyo inayomlazimisha kila mtu kuweka akiba inayoonekana. Mmasai hana ghala la majani makavu. Mvua yake inanyesha hapa na kukosa pale, na usalama wake ni kuhama. Kipimo chake ni kingine: malisho ya akiba, alalili, yaliyofungwa hadi kiangazi kikali, na wazee wanaosema lini yafunguliwe. Huko swali ni lini na wapi kuliko ng'ombe wangapi. Kinachosafiri kutoka Törbel ni utaratibu wa kufikiri: tafuta kitu ambacho tayari kinambana kila mtu na kinaonekana na wote, kisha fungia haki ya pamoja hapo.

Sasa ile sehemu chungu. Kama ardhi haiongezeki na mlango umefungwa, watu wapya watatoka ndani, na hao nao lazima wapunguzwe. Takwimu za ndoa alizokusanya Netting zinaonyesha ilivyokuwa. Watu walioa na kuolewa wamechelewa, wanawake wengi wakikaribia miaka 30, na wengi wa jinsia zote mbili hawakuoa kabisa. Waliishi kwa ndugu, wakalima sehemu zao, na sehemu hizo zikarudi kwa wapwa. Wengine waliondoka. Mwaka 1858 watu wa Wallis ya juu walianzisha kijiji chao San Jerónimo, jimbo la Santa Fe huko Argentina. Viazi vilivyoingia mwishoni mwa karne ya 18 vililegeza kamba kidogo, maana eneo dogo lililisha vinywa vingi zaidi, na idadi ya watu ikapanda karne iliyofuata. Hata hivyo kanuni ya mlimani haikubadilika. Uwiano ule unaosifiwa ulilipiwa na watu walioambiwa, bila kuambiwa kwa mdomo, kwamba hawatakuwa na nyumba yao.

Na wanawake. Walirithi sawa na kaka zao, walikata majani, walibeba samadi mlimani kwa vikapu vya mgongoni, walikamua. Kwenye kura hawakuwemo. Ng'ambo ya malisho ya Moosalp, juu ya Törbel, kuna kijiji cha Unterbäch. Huko, tarehe 3 Machi 1957, wanawake 33 walitumbukiza kura kwa mara ya kwanza katika historia ya Uswisi, kwa kibali cha halmashauri ya kijiji na bila kibali cha serikali ya shirikisho. Kura zao hazikuhesabiwa. Haki ya kupiga kura za shirikisho ilikuja 1971. Yeyote anayeisifu demokrasia ya kijiji cha Alps ya tangu 1483 aikumbuke tarehe hiyo kabla ya kuandika neno "wote".

Kilichoivunja hesabu ya zamani ni mshahara. Kiwanda cha Lonza kule Visp, mji wa bondeni, pamoja na ujenzi wa mabwawa ya umeme, vilitoa kazi kwa watu walioshuka asubuhi na kurudi jioni. Kwa miongo kadhaa Wallis iliishi na wakulima wa zamu: mtu anatoka kiwandani saa nane mchana, saa kumi yuko kondeni. Konde likawa la ziada, kisha la wikendi, kisha la mzee peke yake. Barabara ikaleta majani ya kununua na chakula cha mifugo cha gunia, na kanuni ya 1517 ikapoteza meno bila mtu yeyote kuifuta. Leo malisho ya juu yanapimwa na serikali ya shirikisho huko Berne kwa kipimo cha ng'ombe mmoja kwa siku 100 za kiangazi, na ruzuku inalipwa kwa hicho. Lengo limepinduka: zamani walizuia wengi wasipande, siku hizi wanalipa ili wachache wapande.

Na mlango umepinduka pia, ingawa si wote. Novemba 2017 mkutano wa kijiji cha Albinen, katika jimbo hilo hilo, uliamua kumpa kila mtu mzima anayehamia faranga 25,000 na kila mtoto 10,000. Habari hiyo ilizunguka dunia ikiwa imenyolewa masharti: uwe chini ya miaka 45, ujenge au ununue nyumba ya faranga 200,000 au zaidi, uishi humo miaka kumi, uwe Mswisi au mwenye kibali cha kudumu. Wanaohamia wanakuwa wakazi wa manispaa. Kuwa mwenyeji wa jumuiya ya zamani, ile inayomiliki msitu na malisho, ni mlango mwingine, na hadi leo Mswisi huandikwa kwenye pasipoti yake kijiji cha asili ya ukoo wake badala ya mahali alipozaliwa.

Mgawanyiko huo ndio ninaoutilia mashaka. Mwenyeji aliyehamia Zürich miaka 40 iliyopita bado anahesabiwa mwenyeji, na mkazi mgeni anayefungua mfereji kila masika hahesabiwi. Mwaka 1483 wenyeji na wafanyakazi walikuwa watu wale wale, na ndiyo sababu mpaka wa watu ulifanya kazi. Sasa wametengana, na jumuiya nyingi za Wallis bado hazijauhamisha mpaka uende ulipo mgongo unaofanya kazi.

Mlimani wenyewe dalili ziko wazi. Ng'ombe wakipungua, pembe za mbali haziliwi. Nyasi ndefu zinalala, zinaoza, na vichipukizi vya miti vinatokeza katikati. Mwaka wa kwanza na wa pili ng'ombe au mbuzi anaweza kuvikata kwa meno. Vikishapita kimo cha goti vinakuwa vigumu na mifugo inavizunguka. Kuanzia hapo ni msumeno, siku nzima ya watu kumi kwa eneo dogo, na siku hizo za msaragambo sasa zinajazwa na watu wa kujitolea kutoka mijini pamoja na wazee wenye majina yale yale yaliyo kwenye vitabu vya parokia.